Jozi Isiyo na Kadi

Mvua ya tatu ya masika, na Changamwe imekuwa bubu.
Matangi ya mafuta hayasikii bandari,
mkunga wa Mikindani haitwi na mtu,
na mkubwa wangu, ambaye hajawahi kushika koleo,
anauliza kwenye redio: "Itachukua muda gani?"
Muda gani. Jozi mia sita, bwana. Hesabu.

Tumefungua kifuniko pale Makupa, kabla daraja halijaanza.
Mwaringa anavuta maji kwa pampu ya mkono,
mimi nashuka na taa, nta, matambara,
na mende wananipisha shingo upande,
kama wapangaji wenye deni la kodi.

Wahenga waliosema ya ufa na ukuta
hawakuijua risasi.
Ufa wake ni mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga.
Chumvi huupata usiku, huulamba taratibu,
na karatasi iliyovishwa shaba kabla sijazaliwa
hunywa, hunywa, hata ikalewa.
Hapo ndipo mtu wa Miritini akipigia duka la unga
huitikiwa na kinyozi wa Chaani,
naye kinyozi, kwa adabu, humuuliza ni kilo ngapi.

Babangu alikuwa wa nguzo.
Alipanda na vyuma miguuni, Mazeras hadi Mariakani,
akibadilisha vikombe vya kauri
ambavyo wachunga mbuzi walivilenga kwa manati
wakaapa kuwa walidhani ni ndege.
Simu za maandishi zilipita juu ya kofia yake,
misiba, bei ya korosho, hongera za arusi,
asiambulie hata neno.
"Sisi ni watu wa njia," alikuwa akisema.
"Maneno yana wenyewe."
Yeye alikwenda juu, mimi nimekwenda chini.
Katikati yetu watu wanaongea.

"Bi Raya, uko?"
"Niko, nipe."
Kule Jengo la Simu anasoma kadi, huku mimi nagusa,
nasokota shaba kwa shaba, navisha karatasi, nasokota.
"Mia nne kumi na tano. Duka la spea, Magongo."
"Hai."
"Mia nne kumi na sita. Zahanati."
"Hai."
"Mia nne kumi na saba..."
Nasikia makaratasi yakigeuzwa.
"Hiyo haina mtu. Ikate, uzibe."

Lakini nimeshaigusa, na si tupu.
Mwisho wa waya kuna chumba:
feni yenye jino bovu,
kikombe kinarudi juu ya kisahani,
na pumzi ya mtu aliyezoea kuinua na kuweka.

"Halo," nasema. "Nani?"
"Kwani wewe ni nani?" Sauti ya mwanamke, kavu.
"Fundi, mama. Niko chini ya barabara."
"Ee. Tangu Jumapili nainua, naweka.
Nikajua mmekufa nyote."
Akanyamaza, nami nikasikia feni.
"Mwanangu yu melini. Nambari anayoijua ni hii tu.
Mnanikata lini?"

Pengine kadi ililiwa na mchwa.
Pengine fundi mmoja, zamani, alinywa chai kwake,
akasifu mahamri, akasahau kuandika.
Huenda ndiye aliyenifunza kazi.
Mwaringa ameinama ukingoni,
maji ya mvua yakimtiririka puani,
anangoja aone koleo litafanya nini.

"Bi Raya."
"Niko."
"Mia nne kumi na saba."
"Umeikata?"
Nimesokota. Nimevisha karatasi.
"Andika: hai."
"Niandike hai ya nani?"
"Hai tu, Bi Raya. Jina litakuja."

Akakohoa. Akaandika, nadhani.
Zimebaki mia moja themanini na tatu,
na nta imeanza kuganda,
na redio inauliza tena lile swali lake,
na huko juu ya Kibarani mbingu imefunga.

Mwaringa, pampu.